Gurudumu la Kushoto

Kitengela, 11 Februari 2024

Tata Keziah,

Nakusalimu kwa mikono miwili, ingawa mmoja bado una grisi. Huku tuko wazima. Naisenya amerudia kushona shanga za kupeleka Namanga, na mtoto wetu, yule Ngugi wako mdogo, amejifunza kuhesabu na sasa anahesabu kila kitu, hata vijiko vya sukari ambavyo mgeni anatia kwa chai. Ananiuliza ndege ya baba itapaa lini. Namwambia karibu. Nimemwambia karibu tangu hajajua kutembea.

Najua masikio yako yamegombana na simu, kwa hivyo nimeamua kukuandikia. Soipan, jirani yangu anayefanya kazi kwa ofisi za kaunti huko Kajiado, amekubali kuwa posta yetu. Ukimaliza kujibu mpe yeye. Mkaribishe chai lakini usimruhusu aanze hadithi, utalala bila kupika.

Sasa jambo lenyewe. Ndege iko tayari yote isipokuwa breki. Mimi fundi wa madirisha ya alumini nimeunganisha mabawa yale kwa mikono yangu miaka sita, injini inawaka bila kukohoa, halafu gurudumu moja dogo linanifanya mjinga. Kila Jumamosi nikifika kwenye banda la mabati tulilojenga huko Kajiado kwa kina Naisenya, nafungua breki ya kushoto, nabadilisha raba za ndani, natia mafuta mapya ya breki, natoa hewa, napangusa kila mahali kwa kitambaa safi. Nakanyaga, inashika. Naondoka hakuna hata tone. Jumamosi inayofuata nakuta kidimbwi chini ya gurudumu. Ni kushoto tu. Kulia ni kavu tangu siku ya kwanza.

Nimebadilisha bomba. Nimekaza viungo vyote. Fundi mmoja wa magari hapa Kitengela amesema ni joto la mabati, mwingine amesema nimeuziwa raba feki. Nimewaandikia mpaka watu wa Amerika wanaojenga ndege za aina hii nyumbani, wakanijibu kurasa nzima, na kidimbwi bado kiko.

Raba huletwa na shemeji Parsaoti akienda Nairobi kupeleka mbuzi. Sisemi kitu. Nasema tu ndiye huzileta.

Wewe ndiye mwenye ufunguo wa pili wa banda. Ukipata nafasi pita huko, uangalie kama kuna mbuzi wanaoingia na kugusagusa. Nimechoka kuaibishwa na kitu cha ukubwa wa sufuria.

Wako,
Muturi


Kajiado, 20 Februari 2024

Mwanangu Muturi,

Barua yako nimeipokea na nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu. Tulia, sikurudishii, ni mkono tu umezoea chaki. Sisi hatujambo. Goti langu limekuwa mzee kuliko mimi mwenyewe, kupiga magoti kanisani nahitaji watu wawili wa kuniinua. Mvua bado, na ng'ombe wanaopita hapa kwenda sokoni unaweza kuwahesabu mbavu bila kusimama. Huyo posta wako alikuja saa kumi akaondoka saa mbili. Nililala bila kupika.

Mwanangu, ulipewa jina la mhunzi na bado chuma kinakucheka. Lakini usife moyo. Nimefika bandani kama ulivyoniomba. Hakuna mbuzi anayeingia, kila kitu kiko vile ulivyokiacha. Nilimkuta Parsaoti nje anatengeneza ua. Akanisalimu kwa Kimaasai, takwenya, nikamjibu iko, akacheka ninavyolitamka, akanichotea maji ya kunawa. Kijana mwenye adabu. Umeandika kwamba husemi kitu, kisha ukasema. Ni mimi niliyekufundisha kusoma, kwa hivyo najua kusoma hata usichoandika.

Mimi sijawahi kuomba hicho chombo chako kipae. Kupaa kutajipa. Baba yako alijua kwenda kuliko madereva wote wa barabara ya Magadi. Kusimama ndiko kulimshinda pale Kona Baridi, na lori limejaa mchanga. Uliponionyesha kile kichupa karibu na mlango ukasema ndicho kinachosimamisha ndege, nilikitazama sana. Hapo ndipo maombi yangu yote yalipo.

Siku ya kuijaribu uniambie. Nitakuja na kiti changu.

Mimi mama yako mdogo asiyekuzaa,
Keziah


Kitengela, 28 Aprili 2024

Tata,

Pole kwa kimya. Mvua uliyoililia imekuja yote kwa pamoja, Kitengela watu wanabebana mgongoni kuvuka barabara, na Soipan amekaa siku nyingi bila kufika kazini. Mimi ni mzima wa mwili. Nyumba ina mtu mmoja, nayo ni kubwa kuliko nilivyodhani.

Ulikuwepo siku ile ya Machi, kwa hivyo sitakuhadithia kama mgeni. Lakini ulikuwa umekaa mbali kwenye kiti chako na masikio ndiyo hayo, huenda hukusikia yote. Nilikuwa naiendesha chini tu, mbio kidogo. Nikakanyaga breki zote mbili. Ya kushoto ikaenda hadi sakafuni kama nimekanyaga uji. Ya kulia ikashika peke yake, ndege ikageuka, ikapasua ua wa mbuzi, ikasimama pale Mama Parsaoti alipokuwa anakamua. Hakuguswa. Propela ilivunjika, lakini hiyo ni mbao.

Niliposhuka nilimwambia Parsaoti maneno. Nilimwambia mbele ya mama yake, mbele ya Lemein wa rika lake, mbele ya mke wangu: "Wewe ni mwizi. Unaokota raba za barabarani unaniletea ukisema ni orijino. Leo ungeua mama yako."

Hakujibu. Alitazama upande ule uliokuwa umekaa wewe, kisha akatazama chini. Nikajiambia mtu asiye na hatia angejibu.

Nilileta lori nikaibeba ndege mpaka huku, iko nyuma ya karakana yangu. Naisenya hakupanda lori. Alibaki kwa mama yake na mtoto. Basi nikafunga raba nilizonunua mimi mwenyewe, nikatia mafuta, nikangoja. Tata, tangu ifike Kitengela haijavuja hata tone. Haikuwa joto, haikuwa bomba. Ukiacha raba, vitu ni vilevile, kilichobadilika ni kwamba Parsaoti hayuko. Nimemtumia Naisenya ujumbe kwa simu kwamba ushahidi ndio huo. Ameusoma na hajajibu.

Nakuomba uzungumze naye. Wewe anakusikiza. Mwambie arudi, mambo ya kaka yake tuyaache pembeni.

Muturi


Kajiado, 2 Juni 2024

Muturi,

Salamu. Mvua imepungua. Mahindi ya nyuma ya nyumba yamesimama vizuri, na Caro wa jirani amejifungua msichana, wamempa jina la mama mkwe na vita vimekwisha. Goti ni lilelile.

Naisenya nilimwona sokoni. Mtoto amenenepa. Tulisalimiana. Sikumwambia lile uliloniomba, sikuwa na mdomo wa kulisemea.

Kuhusu breki sina la kusema. Mimi si fundi.

Ndani ya bahasha utakuta ufunguo wa banda. Nakurudishia kwa sababu haunifai kitu tena. Usiniandikie kwa haraka, pumzika kwanza.

Keziah


Kitengela, 16 Juni 2024

Tata,

Salamu zangu leo ni fupi, na utaona kwa nini.

Ufunguo ulipoanguka mezani niliutazama kama sijawahi kuuona. Mimi mwenyewe nilikuandikia kwamba unao, na bado nikausahau. Miezi yote nilipohesabu watu wanaogusa breki ile nilihesabu Parsaoti, nikaishia hapo.

Nikakumbuka ile chupa ya jamu. Mafuta ya mwisho niliyoyatoa kwenye breki ya kushoto, kabla ya kufunga raba zangu, niliyaweka humo nikayasahau kwenye rafu. Nikaenda nikaichukua. Yamejitenga. Chini kuna mafuta ya breki, juu yameelea mafuta mengine, ya manjano. Raba za breki za gari, kama hizi nilizofunga, hazipatani na mafuta mengine yoyote, Tata. Ya kupikia, ya injini, ya zeituni, yote huzivimbisha zikawa laini, halafu zinaachia. Fundi yeyote anajua hivyo, na mimi nilijua. Sikuwahi kufikiri kuna mtu angeyatia.

Kisha nikafungua kifuniko nikanusa.

Sitaandika nilichonusa. Nilikinusa nikiwa mtoto, kila nilipougua, kwenye paji la uso wangu. Nilikaa chini karakanani, na mteja aliyekuja kuulizia dirisha lake alinikuta hapo akaondoka.

Nimelifikiria jambo hili na nimeamua. Wewe ulinilea. Jina lako kanisani ni jina. Nimemwandikia Naisenya kwamba raba zilikuwa na kasoro kutoka kiwandani, kwamba hakuna wa kulaumiwa, si kaka yake wala mtu mwingine. Parsaoti atasahau. Wanaume hutukanana na kusahau.

Usinijibu juu ya hili.

Muturi


Kajiado, 25 Agosti 2024

Mwanangu,

Uliniambia nisijibu, nami nikatii kwa sababu kutii kulinifaa. Hiyo ndiyo aibu yangu ya kwanza leo, na zinakuja nyingine, kwa hivyo keti.

Nilitia mafuta ya upako. Kila Jumatano nikitoka ushirika wa akina mama nilipanda boda mpaka bandani, nikafungua kile kichupa chako cha mafuta ya breki, nikatia kidogo, nikashika gurudumu nikaomba. Umejiuliza kwa nini ni kushoto tu. Mlango uko kushoto. Kufikia kile cha kulia ningelazimika kupanda ndani, na goti likakataa. Nikamwambia Mungu anisamehe, amalizie mwenyewe upande ule. Kumbe upande nilioshindwa kuufikia ndio uliopona.

Sikujua yanaharibu raba. Siku ile ndege ilipoingia kwa mbuzi nilidhani sikuomba vya kutosha. Lakini ulipoandika kwamba Kitengela haivuji, nilielewa papo hapo. Nilikaa na barua yako mapajani mpaka Soipan akaniuliza kama kuna msiba. Nikakutumia ufunguo badala ya neno. Mimi, mwalimu mzima, nimewachapa watoto wa watu kwa kunyamaza namna hiyo.

Kisha ukanusa, ukajua, ukajitolea kunificha, na mimi nikakubali kufichwa. Niliogopa watasema Keziah alikaribia kuua watu kwa mafuta ya Bwana. Niliweka jina langu upande mmoja na jina la Parsaoti upande wa pili, nikachagua langu. Ndivyo nilivyofanya. Usinipambie ukinisimulia kwa mtu.

Jumatano iliyopita nilipanda boda kama zamani, lakini sikwenda bandani. Nilikwenda kwa Mama Parsaoti. Alitaka nikae, nikakataa, nikasema yote nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa nitaanza na habari za mvua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia, "Hiyo tunajua. Keti sasa, chai iko tayari."

Muturi, Parsaoti aliniona. Aliniona mwezi wa pili kupitia nafasi ya mabati, nimeinamia gurudumu, na chupa mkononi. Akarudi nyuma polepole nisimsikie, kwa sababu mtu akiwa anaomba haachishwi. Hakufikiri lolote juu ya breki wakati huo. Alilielewa siku ya ajali, wewe ukiwa unamtukana. Mama yake alipomuuliza jioni ile kwa nini amekubali kuitwa mwizi mbele yake, alimjibu, "Yule ni mama, na alikuwa anaomba. Nitasema nini?"

Kwa Kimaasai wanaiita enkanyit. Ni heshima, neno ambalo mimi nimeliandika ubaoni maisha yangu yote nikiwaambia watoto walitungie sentensi.

Parsaoti alinitazama siku ile, nawe uliona. Nilidhani ananiomba nimtetee kama mtu mzima, na hata hilo sikufanya. Kumbe alikuwa ananipa nafasi niseme mwenyewe. Nilipokaa kimya kwenye kiti changu, alinibebea.

Leo Jumapili nimesimama mbele ya akina mama wa ushirika nikawaambia pia. Kisha Rahab, yule wa kwaya, akauliza kama yale mafuta niliyopaka kwenye cherehani yake nayo yana shida. Wakacheka, nami nikalia, na hakuna aliyekufa.

Yangu nimeyamaliza. Yako siwezi kukufanyia. Na ujue hili: Naisenya aliambiwa na kaka yake tangu mwezi wa tano, baada ya kumsumbua sana. Ule ujumbe wako wa kasoro za kiwandani aliupokea akiwa anajua ukweli. Ameuweka kwa simu. Nilimuuliza amekujibu nini, akaniambia alitaka kuona kama utaandika mwingine.

Nenda.

Keziah


Kitengela, 15 Septemba 2024

Tata,

Nakusalimu, na nakushukuru, ingawa barua yako ilinitia homa. Niliisoma mbele ya karakana, nikafunga kazi mapema, na bado sikwenda. Nilikaa wiki nzima nikijidanganya kwamba kuna geti la mtu la kumaliza. Geti lenyewe mwenye nalo yuko Mombasa mpaka Desemba.

Jana nilikwenda. Nilibeba sukari na majani ya chai kwa Mama Parsaoti, akapokea, akaniombea baraka, na hakunigusia neno. Naisenya alikuwa mlangoni na shanga zake. Aliniambia tu kwamba kaka yake yuko kwenye birika la maji, ng'ombe wanakunywa. Ngugi alitaka kunifuata, mama yake akamshika mkono.

Parsaoti aliniona nikija kutoka mbali na hakuacha kazi. Nilisimama hapo ng'ombe wakinipita. Nilikuwa nimepanga maneno ndani ya basi, mazuri, yenye mwanzo na mwisho, lakini yalipotea. Nikamwambia nilimwita mwizi na hakuwa mwizi. Nikamwambia nilijua tangu Juni na nikaandika uongo ili nimfiche Tata wangu, na kwamba nilimwacha yeye abaki na jina nililompa. Nikamwambia naona haya hata kusimama kwenye ardhi yao. Lemein alikuwa hapo, na nilishukuru kwamba yuko, kwa sababu ndiye aliyesikia lile la kwanza.

Aliwangoja ng'ombe wa mwisho wamalize. Kisha akaniambia, bila kupandisha sauti, "Shemeji, hii breki umeuliza watu wote. Umeuliza mafundi ya Kitengela, umeuliza mpaka watu ya Amerika. Mimi nilikuwa nimesimama hapo kando yako kila Jumamosi, nimekushikia tochi. Mimi hukuniuliza."

Nikamuuliza, kama ningemuuliza, angeniambia?

"Singekuambia. Yule ni mama. Lakini ningejua unaniona kama mtu wa kuulizwa."

Tata, miaka yote hiyo nimekula kwao, nimekata ardhi yao kutengeneza njia ya ndege yangu, mtoto wangu alimwita mjomba kabla hajaniita baba, na nilipopata tatizo nilitafuta kila mtu mwenye akili duniani isipokuwa aliyenishikia mwanga. Nilimkumbuka tu nilipotafuta mwenye makosa. Hilo si la mafuta yako. Ungekuwa hujawahi kufika bandani, bado ningekuwa mtu wa namna hiyo, ila nisingejua.

Hakunipa mkono, na hakunifukuza. Aliniambia ua wa mbuzi bado umeanguka upande mmoja. Nikavua koti tukautengeneza, sisi watatu, mpaka jua likapungua. Nilimuuliza nguzo ziingie kina gani, akanionyesha.

Naisenya alinisindikiza mpaka barabarani na mtoto mgongoni. Nilimwambia nimekuja kuomba arudi. Akaniambia, "Najua. Lakini leo umekuja kwa Parsaoti. Kwangu bado hujakuja." Basi likafika, nikapanda peke yangu. Ngugi alinipungia mkono akihesabu madirisha.

Ndege iko nyuma ya karakana chini ya turubai na sijaifungua. Jumamosi nitakwenda Kajiado tena, bila spana.

Ni mimi uliyenilea,
Muturi